Mama Mkwe Ndani ya Kufuli Yangu

Jumamosi, saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapamba moto, nilifungiwa ndani ya gari pamoja na mama mkwe wangu. Kufuli iliyotufungia niliiweka mimi, kwa mikono yangu hii miwili.

Kwa asiyenijua bado: mimi ni fundi wa kufuli na ving'ora vya magari. Shule niliiacha darasa la sita, nikashika bisibisi, sijaiachia mpaka leo. Watu wananiita Komeo. Wiki iliyopita nilieleza jinsi mke wangu alivyofungasha nguo zake akahamia kwa mjomba wake, fundi saa, baada ya kusema maneno ambayo majirani bado wanayarudia: "Mume wangu hajakosea tangu azaliwe. Hata siku ya kuzaliwa alichelewa, akasema ni kosa la mkunga."

Sharti lake la kurudi lilikuwa moja. Nisimame mbele ya wazee, nikiri kosa. Moja tu, lakini liwe la kweli.

Kikao kikaitishwa mara mbili, na mara zote mbili nikapata dharura. Mara ya tatu mama mkwe akaja kunichukua mwenyewe mlangoni, akiendeshwa na mwanawe, shemeji yangu mpiga picha. Nilikaa mbele. Yeye alikaa nyuma yangu, kama askari na mahabusu wake.

"Kosa umelipata?" akaniuliza hata sijafunga mkanda.

"Ninalo, Mama."

"Lipi?"

"Nakoroma."

Shemeji alicheka mpaka gari likayumba. Mama mkwe hakucheka. Ni mkunga mstaafu. Mtu aliyepokea watoto miaka thelathini na minane hachekeshwi ovyo.

"Kukoroma si kosa," akasema. "Ni pua."

Njiani shemeji akasimamisha gari nje ya chuo cha ushonaji. "Dakika tano tu, Mama. Naacha picha za mahafali, natoka." Akashuka, akaenda zake bila kugeuka, mkono nyuma, kidole gumba juu ya rimoti.

Tiu!

Mtindo huo wa kubonyeza bila kugeuka nilimfundisha mimi. Nawafundisha wateja wote. "Ukishuka, bonyeza. Usifikiri. Mwizi anawapenda watu wanaofikiri." Wateja wanaipenda sana hiyo.

"Ametufungia?" mama mkwe akauliza.

"Mazoea tu, Mama. Usijali."

"Sijajali. Shusha kioo, kuna joto."

Nikabonyeza kitufe. Kioo hakikushuka hata ukucha.

Hapo nikakumbuka. Gari likifungwa kwa rimoti, vitufe vya madirisha navyo vinakufa, ili mwizi asipenyeze waya akashusha kioo. Wazo langu hilo.

"Basi fungua mlango."

Nikavuta kishikio. Kilikuja laini, kama mkono wa mtu asiyetaka kukusalimia.

Nikakumbuka na hilo. Mfumo ule, ulivyotoka kwenye boksi lake, ulikuwa na adabu. Ukibonyeza mara moja, wa nje haingii lakini wa ndani anatoka. Ukibonyeza mara mbili, ndipo vishikio vya ndani vinakufa. Mimi nikaona mara mbili ni kuwasumbua wateja. Nikaunganisha waya kwa waya: bonyezo moja, kila kitu kinakufa.

"Si kulikuwa na kijiti hapa dirishani cha kuinua?" mama mkwe akapapasa ukingo wa mlango.

"Nilikikata, Mama. Vyote vinne. Wezi wanavivuta kwa waya."

"Piga honi basi."

Nikakohoa kidogo. "Honi nayo... kuna mteja alilalamika kwamba watoto wanaichezea gari likiwa limefungwa."

"Ukaikata kwake?"

"Nikaikata kwa wote."

Akaniuliza kwa ile sauti wakunga wanayoongea nayo na mgonjwa: "Baba, kuna kitu chochote ulichokiacha?"

"Redio."

Nikaiwasha. Ikaitikia vizuri sana. Mtangazaji akasema leo jua litakuwa kali kuliko jana, wazee wakae kivulini. Nikaizima.

Nikatoa simu nimpigie shemeji. Simu yake ikaita, nikaisikia vizuri mno. Ilikuwa kwenye dashibodi, mbele ya goti langu, inachezacheza kama samaki.

"Mpigie mkeo," mama mkwe akaamuru. Yake mwenyewe alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaji.

"Haipatikani, Mama. Namba yangu ameizuia."

"Tangu lini?"

"Tangu nimwambie kwamba kuondoka kwake ni kosa lake."

Nikafikiria kumpigia fundi mwenzangu mmoja. Nikaona jinsi atakavyosimulia mjini kwamba Komeo amekomewa. Nikasita. Wakati nasita, chaji ikaisha. Ndiyo mambo yangu.

Bahati ikatokea, nikaona. Mlinzi wa chuo alikuja moja kwa moja kwenye gari letu, rungu kwapani. Nikagonga kioo kwa ngumi mbili. Mama mkwe akagonga kwa kiatu. Mlinzi akasogea, akainama, uso wake ukawa umbali wa kiganja kutoka wangu.

Akatabasamu.

Kisha akachokonoa jino. Akageuza shavu, akalikagua. Akatumbua chunusi.

Vioo vile nilivibandika tinti nyeusi tii, mwizi asione kilichomo. Ukiwa nje unajiona wewe. Na masikioni mlinzi alikuwa na vile vidude vya muziki, anatikisa kichwa na kujipenda.

"Nimemwona mpaka koo," mama mkwe akasema mlinzi alipoondoka. "Ana tonsi."

Mbavu zangu hazikuwa na nguvu tena kwa kicheko. Yeye naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Tulicheka kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Jasho likatutoka puani.

Lakini jua halikuwa na utani. Dakika tano za shemeji zilikuwa ishirini, zikawa thelathini. Nikakipiga kioo cha mlango kwa chuma cha mkanda. Kikapasuka nyufa kama utando wa buibui, hakikuanguka. Hakingeanguka. Chini ya tinti nilibandika plastiki nene ya kuzuia wavunja vioo. Ule utando ulibaki pale unanitazama.

Mama mkwe alikuwa ameacha kujipepea. Nikageuka. Midomo yake ilikuwa imekauka, na ule mtandio aliokuja nao kwa madaha alikuwa ameuachia ukaanguka miguuni.

"Mama?"

Hakufumbua macho.

"Mama, usilale. Mama!"

Nikarukia kiti cha nyuma, nikamshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, ndani ya joto lile! Akili ikanihama. Maneno yakaanza kunitoka yenyewe.

"Mama, si kukoroma. Nisikilize. Siku naijaribu kufuli hii mara ya kwanza, binti yako aliniuliza, 'Na mtu akibaki ndani?' Nikamcheka. Nikamwambia, wewe pika. Halafu mwaka huu akaja mteja, mama muuza maua. Akaniambia baba yake mzee alibaki garini sokoni, akashindwa kutoka mpaka akajikojolea. Nikamwambia mzee wako hajui kufungua milango. Nilijua ni uongo hata haujanitoka mdomoni. Nilijua, Mama! Na baada ya hapo nikaziweka nyingine tisa. Zote ni thelathini na moja. Nilijua."

Nikawa nalia. Mwanamume mzima mwenye tumbo, nalia ndani ya tinti.

Mama mkwe akafumbua jicho moja.

"Haya," akasema taratibu. "Huo ndio uchungu wenyewe. Ule wa kukoroma ulikuwa wa uongo. Sasa tutoe hapa kabla sijafa kweli."

"Ulikuwa unaigiza?"

"Nusu. Nusu nyingine naumwa. Tafuta njia."

Nikatupia macho buti. Gari la shemeji ni la familia, buti lake refu, lina vioo viwili vya pembeni visivyofunguka. Na hapo, ndugu zangu, uvivu wangu ukatuokoa. Siku ile plastiki iliniishia nikiwa nimebakiza kioo kimoja, cha kushoto. Nikasema, nani atajua?

Nikang'oa mto wa kichwa wa kiti, nikashika vile vyuma vyake viwili, nikapiga kona ya kioo. Mara ya tatu kikamwagika chote kama chumvi.

King'ora kikaanza kulia. Hicho nilikiweka vizuri.

Hewa ikaingia. Mama mkwe akaivuta kwa mdomo wazi, nami nikapitisha kichwa, nikapitisha mikono. Bega likagoma.

"Si hivyo!" akapiga kelele kutoka nyuma yangu. "Mkono mmoja rudisha. Geuza bega. Hivyo. Sasa sukuma!"

"Nasukuma, Mama!"

"Usisukume, pumua kwanza! Nyie mko hivyo hivyo, mkiambiwa sukuma mnapumua, mkiambiwa pumua mnasukuma!"

Bega likatoka. Tumbo likakwama. Nikawa nusu niko nje, nusu niko kwa mama mkwe.

King'ora kilikuwa kimemvua mlinzi muziki wake. Akaja mbio.

"Mwizi! Mwizi!"

"Mwizi gani anatoka?" nikamfokea.

"Anayetoka ndiye keshaiba!"

"Niko na mama mkwe wangu humu!"

"Umeiba na mama mkwe?"

Rungu likapanda juu. Sauti ya mama mkwe ikatokea kwenye tundu, chini ya kwapa langu: "Wewe mwenye tonsi! Weka hilo rungu chini, umvute huyu kwa makwapa. Taratibu. Huyu ni mtoto njiti."

Mlinzi akaganda. Hakuelewa amejuaje habari za koo lake. Lakini sauti ile imewaamrisha watu wengi wakati mgumu kuliko ule, akatii. Akanivuta. Mama mkwe akanisukuma kwa unyayo, mahali ambapo mkwe hapaswi kusukumwa na mtu yeyote.

Ndipo shemeji akatokea mlangoni mwa chuo, kipande cha keki mkononi, kingine shavuni. Akasikia king'ora. Akafanya nilichomfundisha. Hakufikiri, akabonyeza.

Tiu tiu!

Kufuli zote zikafunguka. Mama mkwe akafungua mlango, akashuka. Mimi nikatoka dirishani kwa kishindo, suruali ikabaki ndani.

"Mnafanya nini?" shemeji akauliza.

Mama mkwe alipiga hatua mbili, akaliegemea gari. Mlinzi akamkalisha kwenye stuli yake ya getini, akampa maji yake. Akanywa chupa mbili, maji mengine yakimwagikia kifuani. Hapo kicheko kilinikauka kabisa. Ningekawia robo saa nyingine nikifikiria heshima yangu, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

"Twende hospitali, Mama," nikasema.

"Nitakwenda. Kwanza kikao. Nikikuachia mpaka kesho utakuwa umepona."

Suruali ilikuwa imechanika mbele na nyuma. Shemeji akanipa alichokuwa nacho, kile kitambaa kikubwa anachotundika nyuma ya watu akiwapiga picha. Nikajifunga kiunoni. Kina maporomoko ya maji na mabata wawili weupe.

Kwa hiyo niliingia sebuleni kwa mama mkwe saa sita na robo nikiwa na bata mmoja kila paja.

Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye makochi. Watatu walinitazama, wakatazamana, wakatazama dari. Wa nne alikuwa mjomba fundi saa, anayekaa na mke wangu. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu karibu na dirisha, cha mke wangu.

Mama mkwe alilazwa kwenye kochi refu, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, miguu juu ya mito.

"Mkwe wetu," mzee mmoja akaanza, akijitahidi asitazame mabata, "tumeambiwa una neno."

Nikamwangalia mama mkwe. Akapandisha nyusi.

Nikasimama, nikasema yote. Swali la mke wangu na jibu langu la jikoni. Mama muuza maua na baba yake. Waya, vijiti, honi, plastiki. Kwamba nilijua, na nikaendelea. Kwamba kufuli yangu inamzuia mwizi asiingie, na inamzuia mtu wako asitoke, na mimi nilisifia la kwanza tu. Kwamba kuanzia leo sifungi gari lolote mpaka yote thelathini na moja niwe nimeyafungua, moja moja, na kila mwenye gari nimweleze kwa nini.

Mzee mmoja akapiga makofi. Wa pili naye. Shemeji akapiga picha.

"Hilo sasa ni kosa!" mzee wa tatu akasema kwa furaha, kana kwamba nimemletea zawadi. "Kosa kubwa, zuri! Mwiteni mkewe. Yuko wapi?"

Nikajiona mwepesi kama unyoya. Ningeweza kupaa na mabata yangu.

Mjomba fundi saa hakupiga makofi. Alikuwa ametulia, uso umebadilika rangi. Ni mzee wa mikono, yule. Anaweza kufungua saa, kuisafisha na kuifunga huku akikusimulia habari za jana. Mikono yake haimngojei yeye.

Mikono hiyo ikawa inapapasa mfuko wa koti.

"Yuko garini," akasema.

"Gari lipi?" nikauliza, ingawa nilijua. Gari lake ni la kumi na mbili. Mjomba ni mtu wa heshima, nilimfanyia kazi kamili. Plastiki vioo vyote, hata vile vidogo. Tundu la ufunguo nililiziba kwa risasi ya kuyeyusha, wezi wasilichokonoe.

"Alisema hashuki mpaka nimwendee nimwambie umekiri kosa la maana. Alisema atajua tu, utaanza na kukoroma." Akatoa rimoti, na simu ya mke wangu ikatoka nayo. "Mimi nikashuka. Sikufikiri."

"Saa ngapi?"

Fundi saa akatazama saa yake. "Dakika hamsini na tano," akasema. "Tuliwahi. Ninyi mkachelewa."

Nilitoka mbio. Kitambaa kilinifunga miguu, nikaanguka kwenye ngazi, nikainuka nimekishika kwa mkono mmoja. Gari lilikuwa uani, juani, jeusi, vioo vinang'aa. Nilijiona mwenyewe humo nakuja mbio na maporomoko yangu ya maji.

Nikagonga. Kutoka ndani akagonga mara tatu.

"Bonyeza, mjomba! Bonyeza!"

Akabonyeza. Gari halikuitikia. Akabonyeza tena, na tena, akaipiga rimoti kwenye kiganja.

"Betri inasumbua tangu jana," akasema. "Huwa nabonyeza mara kumi kumi."

"Na kufunga je? Ilifungaje?"

"Ya kumi na moja ilikubali."

Nikagonga tena. Akagonga mara moja.

Nikaokota tofali.

Mpaka nanyanyua tofali lile, kufuli yangu ilikuwa imenigharimu hivi: kioo kimoja cha shemeji. Suruali moja, nzuri. Ngozi ya magoti mawili na kiwiko kimoja. Jina la Komeo, ambalo mtu mwenye akili hataliita tena kwa sifa. Nguvu za mama mkwe, aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni, kitambaa kichwani, akiniambia nipige kona, nisipige katikati. Magari thelathini na moja ya kufungua, na nililokwisha kufungua ni moja, tena kwa tumbo.

Na mke mmoja, aliyegonga mara tatu, kisha mara moja, kisha hakugonga tena.